Filta ya Kuoshwa

Uvumi wenyewe ulisema hivi: kule Lamadi gari limeteketea na dereva wake ndani, na kilichowasha moto si petroli, ni pamba. Pamba iliyolowekwa mafuta, ikawekwa mbele ya injini ili gari livutie hewa humo. Specioza, aliyekuwa akienda Lamadi kila wiki kufuata dagaa, ndiye aliyeuleta. Akautua uani kwa Klementina pamoja na ndoo yake, akapumzika kidogo, akajitwisha ndoo na kuondoka. Uvumi akauacha.

Klementina hakuweza kuutoa kichwani. Akichambua pamba yuko nao. Akisonga ugali yuko nao. Hata kanisani ulimfuata, akabaki amesimama wenzake walipokwisha kuketi. Na kibaya zaidi, uvumi wenyewe haukuwa na sura moja. Siku ya kwanza lilikuwa lori. Wiki iliyofuata likawa pikapu. Specioza alipobanwa alisema yeye hakuona kwa macho, aliambiwa na mwanamke wa samaki, na huyo mwanamke naye alisikia kwa abiria.

"Sasa dereva alikufa, au aliruka?" Klementina aliuliza.

"Mama Danford, mimi nilikuwa napimiwa dagaa. Wengine wanasema aliruka, wengine wanasema alikutwa bado kashika usukani. Chagua mwenyewe unayoitaka."

Klementina akachagua ile mbaya. Angechaguaje nyingine, wakati mwanawe Danford alikuwa na pikapu, na mbele ya injini ya pikapu hiyo ilikuwepo pamba iliyolowekwa mafuta?

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha msingi, ukapima, ukangoja. Sasa wanunuzi walikuja wengi, kila mmoja na mzani wake na turubai lake kando ya barabara, wakigombea wakulima kama wachumba. Lakini pamba ya vijijini haina miguu, na magari yalikuwa machache. Mwenye gari alipata kazi tangu msimu unafunguliwa mpaka shina la mwisho linang'olewa shambani. Danford aliliona hilo mapema. Akamzunguka baba yake, mzee Mayala, asubuhi na jioni, mpaka mzee akakubali. Ng'ombe kumi na wawili wakaswagwa mnadani, ikarudi pikapu nyeupe iliyotumika Japani, ina maandishi ubavuni ambayo hakuna aliyejua yanasema nini.

Ng'ombe wale hawakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Waliingia kwa mahari ya dada yake Danford, na kila mtu nyumbani alijua wanangoja kutoka kwa mahari ya Danford mwenyewe, kwenda Sapiwi kwa mzee Mahona, kwa ajili ya binti yake Eufrasia. Mzee Mahona alipoambiwa kwamba ng'ombe wamegeuzwa gari, alisema, "Sawa. Gari na lizae. Lakini msimu ukiisha zizi likiwa tupu, msinilaumu. Wapo wengine wanaouliza habari za mtoto huyu." Basi pikapu ile ilitakiwa idumu msimu mmoja tu, mzima, bila kusimama. Ikidumu, Danford anaoa. Ikisimama, hana ng'ombe, hana gari, hana mke.

Filta ilitoka kwa Marcelo, muuza spea pale mjini Bariadi. Marcelo alikuwa na kibanda cha bati na mdomo usiochoka. Klementina alikuwepo siku ile, alikwenda na Danford kununua chumvi, akasimama pembeni akisikiliza.

"Mdogo wangu, hii ya karatasi utaifanyaje na vumbi letu hili?" Marcelo alisema, akiinyanyua filta ya zamani ya pikapu, imejaa vumbi kama mkate uliodondoka njiani. "Leo unaweka, mwezi ujao unatupa. Na ukitaka nyingine mpaka Mwanza. Sasa shika hii. Inatoka Dubai. Hii unaosha! Unapaka mafuta yake kidogo, unarudisha. Mjukuu wako ataikuta."

"Humo ndani ni nini?"

"Pamba. Pamba tupu, imebanwa na waya huku na huku. Gari linapumua. Wewe mtoto wa Msukuma unaogopa pamba?"

Danford alicheka, akaipokea. Ilikuwa ya duara, nyekundu, inanata vidoleni. Marcelo akamwongezea kichupa cha mafuta yake mekundu, kilichobaki nusu.

"Na hiki kikiisha?"

"Kikiisha tutaonana, kwani nahama?"

Siku ile Klementina hakuona ubaya. Ubaya ulikuja na ndoo ya dagaa. Alipokwisha kuusikia ule uvumi mara ya tatu, alijifunga kitenge akaenda Somanda kwa fundi Thomasi, ambaye ndiye aliyekuwa akilitazama gari lao.

"Mwangaluka, mayu," Thomasi alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama, akiwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mwangaluka. Toka huko, nina swali."

Thomasi akatoka, uso umepakaa oili. Klementina akamweleza yote: Lamadi, pamba, mafuta, dereva. Fundi alifuta mikono taratibu.

"Kuungua inaweza kuungua," alisema. "Injini ikitema moto kurudi juu kwenye kabureta, chochote kilicho pale kinaweza kuwaka. Hata ile ya karatasi inawaka, tena vizuri zaidi. Lakini injini ya Danford haitemi moto. Nimeirekebisha mwenyewe."

"Kwa hiyo ni mbaya?"

"Sijasema mbaya."

"Ni nzuri?"

"Sijasema nzuri vilevile. Mayu, ingekuwa gari langu, ningeweka karatasi, nikaikung'uta kila nikirudi safari, ikichoka nikatupa. Karatasi inakamata vumbi la kama unga wa ngano. Hii ya pamba inategemea yale mafuta ndiyo yanase vumbi, na sijui kwa vumbi la kwetu yatanasa kiasi gani. Mwenye nayo mmoja ananiambia gari lake limekuwa kama jipya. Mwingine kaitoa kaitupa. Mimi sijaifungua injini ya yeyote kati yao."

Alirudi chini ya lori. Klementina alitembea kurudi nyumbani, na katika maneno yote yale aliyobeba, yaliyokuwa mazito ni mawili tu: inaweza kuungua.

Alipomwambia Danford, kijana alicheka mpaka akaegemea boneti.

"Mama, wewe na Specioza mtafungua redio yenu. Gari linavuta! Juzi kilima kile nimekipanda na magunia kumi na tano, sijabadili gia. Uliona lini?"

"Fundi mwenyewe amesema inaweza kuwaka."

"Hata nyumba yetu inaweza kuwaka. Tulale nje?"

Klementina akamgeukia mumewe. Mayala alikuwa akisuka kamba, hakuinua kichwa. "Mimi nilijua ng'ombe. Ng'ombe akiumwa namwona. Hicho mkaulizane wenyewe."

Basi kila alikogonga alipewa jibu, na kila jibu lilimwacha mahali pale pale. Marcelo anasema ya kudumu. Thomasi hasemi nzuri wala mbaya. Danford anasema linavuta. Specioza anasema mtu kakutwa kashika usukani. Nani mkweli? Au wote wakweli, kila mmoja kwa upande wake? Alianza kumsikiliza Danford akirudi: akisikia mlio wa gari anamshukuru Mungu, akichelewa anatoka barabarani kuangalia moshi upande wa Lamadi.

Jumapili moja Danford na baba yake walikwenda Sapiwi kwa baiskeli kumsalimu mzee Mahona na kumtuliza moyo. Gari likabaki uani. Klementina alilizunguka mara mbili. Alikuwa amemwona Danford akifungua, alijua kuna kamba ya kuvuta ndani, boneti inaruka kidogo, unaingiza vidole. Akafungua. Akakikuta kile kikopo cheusi cha duara chenye klipu tatu, akazibandua, akatoa filta.

Aliitazama juani, na alichokiona hakikuwa Lamadi wala dereva. Ilikuwa pamba chafu. Alikuwa hajawahi kuitazama hivyo. Tangu msichana kazi yake ilikuwa kutenga pamba, safi huku, fifi kule. Safi ni nyeupe, haina jani wala doa. Fifi ni iliyochafuka. Karani wa chama alikuwa akitumbukiza mkono ndani ya gunia lako, akitoa kishungi kimoja chenye mafuta, gunia zima linatupwa upande wa fifi, na aibu yake unarudi nayo nyumbani. Baba yake aliwachapa watoto walioingia kwenye ghala la pamba wamejipaka mafuta miguuni. Pamba yenye mafuta ikirundikwa hupata joto yenyewe, alikuwa akiwaambia, inafuka ndani kwa ndani, siku ya tatu huna ghala. Na hapa mikononi mwake ilikuwa pamba imepakwa mafuta kwa makusudi, imejaa vumbi jekundu, halafu imewekwa juu ya moto wa injini. Mtu aliyetengeneza kitu hiki, aliwaza, hajawahi kulima.

Na Marcelo si alisema mwenyewe inaoshwa?

Akachemsha maji. Akachukua sabuni ya mche, akaikwangua ndani ya beseni, akaloweka. Maji ya kwanza yalitoka kama damu ya mbuzi. Ya pili kama chai. Aliisuuza mara tano, akifikicha kila mkunjo kwa kidole, kwa subira ileile ya kutenga pamba, mpaka maji yakatoka meupe na pamba ikarudi rangi yake. Akaianika juu ya uzio, akakaa karibu asije kuku akaidonoa. Jua la Agosti lilifanya kazi yake. Kufika alasiri ilikuwa kavu, nyepesi, safi. Hata karani yule wa zamani angeiandika daraja la kwanza. Kichupa cha mafuta alikiona pale nyuma ya kiti, akakiangalia, akakiacha. Kama mafuta ndiyo moto, angeyarudishaje kwa mkono wake mwenyewe?

Akarudisha filta, akabana klipu, akafunga boneti. Jioni ile alikula akashiba. Hakumwambia mtu. Alijua Danford angemcheka, kisha angepaka tena.

Na gari likaenda. Hapo ndipo kichwa chake kilipozidi kuvurugika, maana gari lilikwenda vizuri kuliko mwanzo.

"Mama, unasikia?" Danford alimwita dirishani siku mbili baadaye, akikanyaga mafuta gari likiunguruma. "Linazidi kufunguka! Marcelo kanipa dawa."

"Ndiyo naona, baba," alisema, akatabasamu, moyoni akawaza: kumbe mafuta yalikuwa yanalikaba. Kumbe mimi mwanamke wa darasa la saba nimewazidi watu wa Dubai.

Wiki tatu Danford alikwenda na kurudi. Kulikuwa kukavu, mvua haijanyesha tangu Mei, na malori ya pamba yaliisaga barabara mpaka ikawa unga. Magari yalifuatana ndani ya wingu, la nyuma likila vumbi la mbele. Danford alirudi nyusi nyekundu, kope nyekundu, anakohoa, anacheka. Alishapata fedha ya karibu ng'ombe sita, alisema. Wamebaki sita.

Wiki ya nne alianza kuongeza oili kila asubuhi. Wiki ya tano moshi wa bluu ukawa unamtangulia kufika. Kisha kile kilima cha magunia kumi na tano kikamshinda na magunia manane, na siku ya Alhamisi gari likavutwa na trekta mpaka Somanda kwa Thomasi. Klementina alifuata kwa miguu.

Thomasi alifungua kwanza klipu tatu, akatoa filta, akaiweka kando. Akaingiza kidole ndani ya koo la kabureta, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa chekundu. Akakisugua na dole gumba karibu na sikio la Danford.

"Unasikia nini?"

"Mchanga."

"Hiyo ndiyo injini yako imekuwa ikinywa. Ringi zimekwisha. Silinda zimekwaruzika. Hapa ni ovahoo, kuifungua yote na kuijenga upya, au injini nyingine."

"Marcelo!" Danford alisema, na kabla hajamaliza neno alikuwa amekwisha kwenda. Alirudi naye amemshika mkono kama mtu anayepeleka mwizi. Marcelo hakuogopa. Aliichukua filta, akaipitisha machoni, akainusa.

"Hii nani kaiosha?"

"Haijaoshwa! Nimeikung'uta tu juu juu, nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi niioshe kama ulivyosema."

"Ndugu yangu, hii imeoshwa na sabuni, tena ya mche. Haina tone la mafuta. Nilikuuzia nyekundu, hii chini ya vumbi ni nyeupe. Pamba kavu hii inazuia kuku, haizuii vumbi! Ulikuwa unaendesha na neti ya mbu."

"Nyeupe nimeiona. Nikadhani rangi imepauka kwa joto."

"Danford, usinipake matope mbele ya watu. Mafuta yanakauka, yanabaki yananata. Hayageuki sabuni."

"Naapa mbele ya mama yangu huyu, hakuna aliyeigusa!"

Wote watatu wakamtazama Klementina, wala si kwa kumshuku, walitaka tu shahidi. Alikuwa amesimama karibu na rundo la matairi. Alitamani Specioza apite na ndoo, mvua inyeshe, kitu chochote.

"Niliiosha mimi," alisema.

Nyundo ya jirani iliendelea kugonga bati.

"Niliiosha Jumapili ile mlipokwenda Sapiwi. Mafuta niliyaacha kwa sababu ya moto. Nilitaka usiungue, baba."

Danford aliketi chini juu ya tairi. Alifunika uso kwa mikono yake, na alipoitoa alikuwa na alama mbili nyeupe pale machozi yalipopita kwenye vumbi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Ungeniambia tu, Mama," alisema. "Ningeitoa. Ningeitoa hata siku ile ile, kama ndiyo iliyokunyima usingizi."

Marcelo alivuta pumzi, akawa mpole ghafla kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini Thomasi hakumwachia. "Na wewe usiondoke umenyoosha shingo. Umemuuzia mtu kitu kinachotaka mafuta maalumu, ukampa nusu chupa. Umemweleza kama ikiwa kavu itaua injini? Hukumweleza. Na hata ikiwa na mafuta, kwa vumbi hili la msimu, mimi bado sijui. Labda ingefika Desemba. Labda ingefika Oktoba. Labda ingedumu miaka. Karatasi tungejua."

"Kwa hiyo ni mimi au ni filta?" Klementina aliuliza.

Thomasi alikuna kichwa kwa kidole chenye oili. "Mayu, ni wewe zaidi. Lakini siyo wewe peke yako."

Jibu hilo alikwenda nalo nyumbani, na mpaka leo hajajua aliweke wapi. Akilala upande mmoja ni yeye. Akigeuka ni Marcelo. Akikaa akafikiri sana ni Specioza, ambaye alipoulizwa tena habari za Lamadi alisema, "Kumbe bado unalo hilo? Mbona walisema baadaye ni jiko la mchoma samaki lililounguza turubai la gari?"

Pikapu ilinyanyuliwa juu ya mawe uani. Msimu uliisha na ng'ombe sita. Mzee Mayala na Klementina walikwenda nao Sapiwi wenyewe, na Klementina akaomba kusema, jambo ambalo mama wa kijana hafanyi. Akamweleza mzee Mahona kila kitu, beseni, sabuni na uzio. Mzee Mahona alisikiliza mpaka mwisho. "Sita si kumi na wawili," alisema. "Hawa rudini nao. Nitangoja mpaka pamba ya mwakani ivunwe. Siyo kwa ajili ya kijana, ni kwa kuwa umekuja kusema mwenyewe. Baada ya hapo nisiulizwe." Eufrasia alisimama mlangoni akisikia, kisha akaingia ndani. Wala hakuna aliyejua kama alifurahi au alichoka.

Danford sasa anaendesha lori la mtu, anapeleka samaki. Lina filta ya karatasi. Akirudi anaikung'uta mbele ya mama yake, anamwonyesha, ndipo anaingia kula.

Mwenye gari, au mwenye mtoto mwenye gari, aepuke haya:

Kununua filta ya kuosha wakati mafuta yake hayauzwi hapo unapoishi.

Kuitumia ikiwa kavu, hata kwa safari moja ya karibu.

Kuirudisha ikiwa bado na maji.

Kuipaka mafuta ya kupikia, samli, au oili chakavu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kuna walioyajaribu yote haya.

Kuipaka mengi mpaka yanachuruzika.

Kuipulizia kwa nguvu ya kompresa au kuisugua kwa brashi. Inatoboka, na tundu lenyewe hulioni.

Kuipeleka kwenye barabara ya vumbi la msimu wa pamba, kama ya karatasi inapatikana.

Kudhani gari ni zima kwa sababu linavuta. Lilivuta sana lilipokuwa linakufa.

Kumuuliza fundi ukaondoka na nusu ya jibu.

Kugusa gari la mwanao naye hayupo, kwa nia yoyote.